Kigong'ota wa Jangwani: Anza na Mgongo, Kofia Baadaye

Kwa ndugu mnaoanza kutazama ndege kusini mwa Arizona: orodha ndefu ziwekeni kando kwanza. Chukueni ndege mmoja, kigong'ota wa Gila, mmfuate mpaka mumzoee. Yupo mwaka mzima, ana makelele, wala haogopi watu. Mjini Tucson utamkuta hata kwenye miti ya uani.

Wageni wengi hutafuta kofia nyekundu, maana ndiyo inayovutia kwenye picha. Lakini kofia ni ya dume peke yake, tena ni duara dogo la utosini ambalo ukimtazama kutoka chini hulioni. Jike hana, na makinda hawana. Anza na mgongo. Una mistari myeusi na myeupe iliyolala kwa upana, imebanana kuanzia mabegani hadi mkiani. Kichwa, shingo na kifua ni kahawia iliyopauka, bila doa wala mstari. Akiruka, kila bawa linaonyesha baka jeupe karibu na ncha. Ukishaona uso mtupu, mgongo wa mistari na mabaka hayo, hata kofia isipokuwepo andika jina bila wasiwasi.

Wa kukuchanganya ni wawili. Mmoja ni mdogo kuliko yeye, na uso wake umechorwa mistari myeusi. Mwingine ni mkubwa, mwenye madoa tumboni, hilali nyeusi kifuani, na rangi ya manjano chini ya mabawa. Huyu mkubwa mkumbuke, tutarudi kwake.

Masikio yako yatakusaidia kuliko darubini. Ana mlio mrefu wa kukwaruza, krrrr, na mwingine mfupi mkali anaourudia haraka haraka, yip-yip-yip. Ukiusikia, simama hapo hapo, kisha kagua saguaro zilizo karibu, yaani zile kaktasi ndefu kama nguzo zinazoweza kupita mita 12.

Sasa tundu. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Dume na jike huchimba ndani ya nyama laini ya saguaro, halafu huliacha tundu kwa miezi. Mmea hutoa utomvu kwenye kidonda, utomvu unakauka, na ukuta mzima unageuka gamba gumu la kahawia. Ndani ya chumba hicho kuna ubaridi kuliko nje, na ndimo jike hutaga mayai, kwa kawaida matatu hadi matano, wakaatamia kwa zamu. Kaktasi ikifa na kuoza, gamba hubaki zima. Ukilikuta chini limekaa kama kiatu cha buti, liache pale, hasa ukiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro.

Utasikia watu wakisema ndege huyu anaua saguaro. Mimi siafiki. Yeye huchimba katikati ya shina, na mara nyingi haifikii mifupa ya mti iliyo ndani, yaani fito ngumu zinazousimamisha mmea. Yule mkubwa mwenye hilali ndiye huchimba karibu na kilele, akakata mifupa hiyo, na madhara yake huweza kuwa makubwa zaidi. Kwa hiyo urefu wa tundu kutoka ardhini nao ni dalili ya mwenye nyumba. Ila usiape, kwa sababu wapangaji ni wengi: kuna bundi mdogo kabisa asiyezidi kiganja, na siku hizi kwezi wa Ulaya, ambao humfukuza hata aliyechimba.

Mwezi wa Mei nenda alfajiri. Maua ya saguaro hufunguka usiku na kufunga mchana unaofuata, na kigong'ota huyu huingiza kichwa chote kunywa nekta. Akitoka, paji la uso limejaa chavua ya manjano. Hapo usimwandike kuwa spishi mpya. Matunda yakiiva mwezi wa Juni anahamia huko, ingawa wadudu, mijusi wadogo na mayai ya ndege wengine havimshindi. Wakati huo wa kulea usimchezee sauti yake kwenye simu. Ataacha makinda aje kupigana na spika.

Na ukiwa mjini majira ya kuchipua, ukasikia bati la chombo cha kupoozea hewa juu ya paa linapigwa saa kumi na mbili asubuhi, usimwite fundi. Ni dume, anatangaza mipaka yake.