Kwa wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro kwa hisani wakiwa na umri wa makamo

Kila mwaka watu waliokwisha kuvuka miaka arobaini, na wengine hamsini, hupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha. Baadhi yao huingia katika misafara mikubwa kama Kili Challenge, ulioanzishwa na mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka 2002 kwa ajili ya mapambano dhidi ya Ukimwi, na wengine huunda vikundi vyao kazini, kanisani, msikitini au mtaani. Nawaandikia hasa hao wa vikundi vidogo wanaokwenda kwa mara ya kwanza. Mazoezi na michango vianze pamoja, angalau miezi sita kabla ya safari, kwa kuwa mwili wa mtu wa makamo na mfuko wa mchangiaji vyote viwili havipendi kukurupushwa.

Nenda hospitali kabla ya kwenda dukani kununua viatu. Pima shinikizo la damu, sukari na moyo, mweleze daktari urefu wa mlima unaokusudia kuupanda, na umwulize kuhusu dawa unazotumia kila siku. Baada ya hapo tembea mara tatu au nne kwa juma, ukitenga siku moja ya mwishoni mwa juma kwa mwendo mrefu unaoongezwa kidogo kidogo, huku begi la mgongoni likiwa na uzito uleule utakaoubeba mlimani. Siku za kupumzika zihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi, kwa sababu katika umri huu misuli na kano huchelewa kupona, na anayelazimisha goti linalouma hupoteza majuma mengi kuliko angepoteza kwa kupumzika siku mbili.

Jambo ambalo wengi hawalifanyii mazoezi ni kushuka. Anayepita njia ya Marangu hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kisha siku hiyohiyo hurudi hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, yaani mteremko wa zaidi ya mita 2,000 kwa miguu iliyokwisha kuchoka. Wakati wa kushuka misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili, na hapo ndipo magoti huumia na kucha za vidole vya miguu hugongana na viatu. Kwa hiyo tafuta vilima, iwe ni Pugu kwa mkazi wa Dar es Salaam au Uluguru kwa aliye Morogoro, na asiye na kilima atumie ngazi za jengo refu, akizipanda na kuzishuka. Viatu vivaliwe katika mazoezi hayo mpaka vizoee mguu, na kucha zikatwe kabla ya safari.

Hata hivyo, hakuna mazoezi ya pwani yanayoweza kuuzoesha mwili hewa nyembamba. Kileleni kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni tunayoipata usawa wa bahari, na kijana mwenye mbio anaweza kuzidiwa pale ambapo mama wa miaka hamsini na tano anaendelea. Dawa ya kweli ni siku za kutosha. Bajeti ikibana, kikundi hushawishika kupunguza siku moja, na mimi nasema punguzeni kitu kingine chochote, lakini siku ya kuzoea hali ya hewa pale Horombo isiguswe. Mwenzenu akianza kuyumba anapotembea, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Hapa ndipo suala la fedha linapokutana na usalama, na ningependa mlizingatie kuliko mengine yote. Msikubali ahadi yenye sharti la kufika kileleni. Mtu aliyeahidiwa milioni moja akifika Uhuru huficha maumivu ya kichwa, huwadanganya waongozaji, na huendelea kupanda kwa kuwaonea aibu waliomchangia. Elezeni mapema kwamba mchango ni wa madawati au wa vifaa vya wodi, na kwamba utakwenda huko hata kama mpandaji ataishia kambi ya Kibo, kabla ya kilele.

Gharama za safari nazo zisichanganywe na michango. Ada za hifadhi, waongozaji, chakula na malipo ya wagumu wanaobeba mizigo, ambao kila mmoja hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, zitoke mifukoni mwenu au kwa mfadhili aliyekubali waziwazi kulipia safari. Mchangiaji akigundua kwamba fedha yake ilinunua hema, hatachangia tena, na atakuwa na haki.

Pateni kwanza barua ya shule au hospitali mtakayoisaidia, ikitaja mahitaji na bei zake, ili anayeombwa ajue kiasi chake kitanunua nini. Fungueni akaunti au Lipa Namba ya kikundi badala ya kutumia simu ya mtu binafsi, na mweka hazina atoe orodha ya waliotoa kila juma. Ombeni mishahara inapotoka, na uacheni Januari upite, kwa kuwa ni mwezi wa ada za shule. Watumieni watu picha za mazoezi tangu mwanzo, maana wanaokuona ukitembea alfajiri kwa miezi kadhaa huamini kwamba jambo hili ni la dhati.

Ahadi nyingi hubaki midomoni hadi mwisho, hivyo panga kuzifuatilia kwa upole kwa mwezi mzima baada ya kushuka. Makabidhiano yakishafanyika, tumeni taarifa yenye hesabu kamili na stakabadhi kwa kila aliyetoa, hata aliyetoa shilingi elfu moja, na pia kwa wale ambao bado hawajatimiza, kwani wengi wao hulipa wanapoona madawati yamekwisha kufika darasani.