Springi za poketi za bei nafuu: mkeo atalala vizuri, wewe wa kilo 96 angalia waya na chaga za kitanda kwanza

Mleta mada, salaam. Umeuliza kama godoro la springi za poketi la laki sita na nusu, futi 5 kwa 6, litawafaa wewe na mkeo: wewe una kilo 96 na unalala kifudifudi, yeye ana kilo 58, ni mjamzito wa miezi mitano na analala ubavu. Walionitangulia wamejibu "chukua" au "achana nalo" kana kwamba godoro lina jibu moja kwa kila mtu. Mimi nilinunua la daraja hilohilo Machi 2022. Limelaliwa na watu watano nyumbani kwangu Tabata, na hakuna wawili waliolisema sawasawa. Nitakueleza kila mmoja alivyolala, kisha utajipima mwenyewe uko upande gani.

Tuanze na kilichomo ndani. Springi za kizamani, zile za kitanda cha gesti ambacho ukigeuka huku mwenzio anarushwa kule, zimefungwa pamoja kwa waya. Ukibonyeza moja, za jirani nazo zinainama. Za poketi kila moja imeshonewa mfuko wake wa kitambaa, inashuka na kupanda peke yake. Ufundi huu upo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo muuzaji akikuambia ni kitu kilichotoka juzi, usimuongezee hela kwa sababu hiyo. Juu ya springi hukaa tabaka la sponji, na juu ya sponji ndiyo kitambaa unachokiona. Kwenye godoro la bei hii, tabaka hilo la sponji ndilo linalobaniwa bajeti kuliko kitu kingine chochote. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Muuzaji atakutajia idadi ya springi. Mimi niliambiwa 1,200 kwenye 5 kwa 6 na nikafurahi. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu. Futi 5 kwa 6 ni kama sentimita 152 kwa 183. Springi yenye upana wa sentimita 6 zitaingia 25 upande mmoja na 30 upande wa pili, jumla 750. Kama pembeni kuna ukuta wa sponji wa sentimita saba na nusu kila upande, zinabaki 22 kwa 28, yaani 616. Kwa hiyo 1,200 haziwezi kuenea humo mpaka ziwe nyembamba sana au ziwe za tabaka mbili. Idadi isikupumbaze. Cha kuuliza ni unene wa waya, kwa sababu ugumu wa springi unapanda kwa kasi mno waya unaponenepa: kwa umbo lilelile, waya wa milimita 2.0 ni mgumu mara moja na nusu kuliko wa milimita 1.8. Sehemu ya tano ya milimita, huioni kwa macho, lakini kwa mtu wa kilo zako hiyo ndiyo inayoamua utaamkaje.

Sasa waliolala.

Mimi nina kilo 74, nalala ubavu. Kabla ya hapo nilikuwa na godoro la sponji gumu, na kila alfajiri mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa sababu bega halikuwa na pa kuingia. Kwenye springi za poketi bega lilizama kidogo, nyonga ikazama kidogo, kiuno kikabaki kimeshikwa. Ganzi ilikwisha ndani ya wiki. Kwa mlala ubavu wa uzito wa kawaida sijaona kitu kinacholizidi kwa bei yake, na hapo ndipo mkeo anapoingia. Kadiri mimba inavyokua, kliniki watamshauri alale ubavu usiku kucha, bega moja na nyonga moja vikibeba mwili mzima. Uso unaobonyea pale panapohitajika ni nafuu kubwa kwake. Mwongezee mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mdogo chini ya tumbo.

Mke wangu ni mwepesi wa kuamka. Mimi naamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini, na kwenye godoro la zamani nikiinuka na yeye anaamka, halafu usingizi haurudi. Tangu tulete hili, mara nyingi nafunga mlango nje na yeye hajajua. Hilo pekee kwangu lilirudisha robo ya bei. Na joto: Januari na Februari za Dar unazijua. Hewa inapita katikati ya springi, mgongo haulowi kama kwenye sponji nzito.

Ya tatu ndiyo inayokuhusu wewe, kwa hiyo nitakaa nayo. Shemeji yangu alikuja kutoka Singida akakaa wiki tatu. Ni mtu wa kilo 110 hivi, analala kifudifudi kama wewe. Kwa heshima ya ugeni tukampa chumba chetu, sisi tukahamia kwa watoto. Siku ya nne asubuhi nikamkuta jikoni amesimama ameshika kiuno. Nikamwomba alale tena nimtazame kwa pembeni. Kifua na magoti vilikuwa juu, tumbo na nyonga vimezama, mgongo umepinda kama machela. Mlala kifudifudi sehemu yake nzito ipo katikati ya mwili, na springi ya poketi haimsaidii jirani yake. Kila moja inashuka kwa uzito unaoikuta. Waya ukiwa mwembamba, katikati panakwenda chini na mgongo unafuata. Tukamhamishia kwenye godoro la watoto la sponji nzito, inchi 8, siku tatu baadaye akanyooka. Godoro lilelile lililoniponya mimi bega ndilo lililomtesa yeye kiuno, na hakuna aliyekosea.

Lakini usitoke hapa ukakimbilia godoro gumu kama ubao. Huku kwetu mtu akiumwa mgongo anaambiwa alale chini kwenye mkeka. Kuna utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet, wa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa kati, wakafuatwa kwa siku 90. Waliolalia ya ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo lengo lako liwe katikati, na kumbuka kwamba "katikati" ya mtu wa kilo 96 siyo "katikati" ya mtu wa kilo 58. Godoro moja linaweza kuwa gumu kwake na laini mno kwako usiku uleule. Neno "othopediki" lililoshonwa pembeni halitakusaidia hapo. Halikuambii waya una unene gani wala sponji ina uzito gani.

Mama yangu mzazi, miaka sabini na kitu, kilo 50 tu, alikuja kwa matibabu ya nyonga. Kulala alilala vizuri sana, alisifu. Shida ilikuwa kuinuka. Godoro letu halina ukuta wa sponji pembeni, springi zinafika hadi mwisho, hivyo akikaa ukingoni ili ashuke ukingo unaporomoka naye anateleza kuelekea sakafuni. Usiku mmoja nusura aanguke. Kama una mzee nyumbani, au wewe mwenyewe una tabia ya kukaa ukingoni kufunga viatu, kaa ukingo wa godoro dukani kwa uzito wako wote kabla ya kulipa. Mjamzito wa miezi minane naye anainuka kama mzee, kwa kujisukuma kutoka pembeni. Mjaribishe na mkeo.

Wa tano ni mwanangu wa miaka saba, na hapo ni neno fupi: mtoto anayekojoa kitandani asilale kwenye springi bila kifuniko kisichopitisha maji. Sponji utaifua na kuianika, springi zitashika kutu. Na kwa kuwa mnatarajia mtoto, nikuombe kwa dhati: mtoto mchanga asilazwe juu ya godoro laini linalobonyea, akigeuka uso anaweza kukosa hewa. Mtafutie mahali pake pagumu na tambarare.

Baada ya miezi kama kumi na minne upande wangu ukafanya bonde. Nikajua springi zimekufa, nikarudi dukani na maneno makali. Dukani hawakutaka kunisikiliza, nikaondoka na hasira. Baadaye nikafungua zipu ya chini nikaangalia: springi zilikuwa nzima, zote zimesimama. Kilichokufa kilikuwa vitu viwili. Kwanza ile sponji ya juu, nyepesi, imebonyea na hairudi. Sponji hupimwa kwa kilo kwenye mita moja ya ujazo. Ya 18 inachoka mapema, ya 28 au 30 inavumilia miaka. Nilinunua godoro jembamba la inchi 2 la sponji nzito nikaliweka juu, na mpaka leo linafanya kazi.

Cha pili kilikuwa kitanda. Chaga zangu, yaani zile mbao za kukingama zinazobeba godoro, zilikuwa saba tu, za upana wa inchi 3. Piga hesabu: kwenye urefu wa sentimita 183, chaga saba zinaacha nafasi ya karibu sentimita 22 kati ya moja na nyingine. Godoro la sponji linavumilia hilo kwa muda kwa sababu ni pande moja zima. Springi za poketi haziwezi, zile zilizo juu ya nafasi zinaning'inia na kusukuma kitambaa cha chini, mwisho zinainama. Fundi wa Keko aliniongezea zikawa kumi na tatu, nafasi ikashuka hadi sentimita 7, akaweka na tendegu la katikati chini ya boriti. Nilimlipa hela ndogo kuliko nauli ya Kirikuu iliyoleta godoro. Bonde lilipungua nusu usiku uleule. Nasikitika sikufanya hivyo siku ya kwanza, maana ule mwaka na zaidi ndio uliochosha godoro. Wengine wanatandika plaiwudi juu ya chaga. Inasaidia, ila itoboe matundu, la sivyo jasho linakosa pa kutokea na kwa unyevu wa pwani utakuta ukungu chini.

Ukienda dukani, vua viatu, lala kifudifudi kama unavyolala kwako, dakika kumi hadi kumi na tano, usione haya. Mkeo asimame pembeni atazame mgongo wako, au apige picha kwa simu. Halafu badilishaneni: yeye alale ubavu, wewe utazame kwa nyuma kama uti wa mgongo umenyooka kuanzia shingo hadi nyonga. Kisha lala chali upitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita bure bila kugusa, ni gumu mno kwako. Kikigoma kabisa kuingia, umezama. Maliza kwa kulala wote wawili pamoja, mmoja ageuke. Duka likikuzuia kufanya haya, nenda duka lingine. Kama ni lile linalokuja limeviringishwa kwenye nailoni, lile la mfano lililotandikwa ndilo la kujaribia, na ukifika nyumbani lipe siku moja hadi tatu lijae kabla hujalihukumu. Lisilo la kuviringisha usikubali wapagazi walikunje kupita kwenye ngazi.

Kwa hali yenu ninyi, ningekuwa mimi ningefanya hivi. Muuzaji akikuthibitishia waya ni 2.0 na sponji ya juu ni nyembamba ila nzito, na picha ya mkeo ikaonyesha kiuno chako hakijazama, lichukueni. Mkeo atalifurahia na wewe utalivumilia, hasa ukiweka mto mwembamba sana chini ya kichwa na mwingine mwembamba chini ya nyonga. Asipojua unene wa waya, au akikujibu kwa idadi ya springi, laki sita na nusu hiyo msiitoe. Chukueni sponji nzito ya inchi 8, juu yake muweke la inchi 2 laini kidogo kwa ajili ya bega na nyonga za mkeo. Kuna watakaokushauri magodoro mawili ya 2.5 kwa 6 kwenye kitanda kimoja, kila mtu na lake. Kwa wanandoa wenye uzito unaopishana kama ninyi ni wazo zuri, ila kwa nyumba inayongoja mtoto ule ufa wa katikati siutaki.

Kabla ya yote, leo usiku inua godoro mlilonalo uhesabu chaga, upime na nafasi kati yake. Uniandikie hapa ni ngapi na za inchi ngapi, nikupigie hesabu ya za kuongeza.