Jumba Kongwe la Lamu: Nianze Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizaliwa Mombasa, nikahamia Uingereza mwaka 1991 na baadaye nikachukua uraia wa huko. Sasa ninakaribia kustaafu, na dalali amenitumia picha za jumba kongwe la ghorofa moja katika mji wa Lamu, lenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za kupendeza na kuta ambazo, kwa maelezo yake, zilipigwa plasta mpya ya saruji mwaka jana. Anataka amana kabla ya mwisho wa mwezi huu. Je, pasipoti yangu inaniruhusu kulimiliki, na nikague nini? – Msomaji, Leicester.

JIBU: Amana isubiri kwanza. Suala la pasipoti ndilo jepesi. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na hata hati ikimpa zaidi ya hapo, huhesabiwa kuwa ni ya miaka hiyo 99. Hata hivyo, ikiwa ulikuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa kabla ya kuchukua uraia wa Uingereza, Ibara ya 14 inakupa haki ya kuomba urejeshewe uraia wako, nao wa Uingereza ukabaki nao. Ningekushauri ulimalize hilo kabla ya kutia sahihi popote.

Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo saruji. Kuta za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huruhusu unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi yake, utoke nje taratibu. Saruji huuziba unyevu huo ndani, plasta ikavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyolala ukutani vikaanza kuoza bila mtu kuona. Kwa hiyo mtume fundi wako mwenyewe, lakini si kwa ajili ya zidaka, ambazo dalali amekwisha kuzipiga picha za kutosha. Mwambie achome kwa bisibisi kila kichwa cha boriti pale kinapoingia ukutani, hasa chini ya choo na chini ya paa. Achukue pia vipimo vya vyumba: boriti ya mkoko haivuki nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale huko ni virefu na vyembamba, na ukumbi mpana uliotokea siku hizi unahitaji maelezo ya ukuta gani ulibomolewa.

Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kwa hiyo dalali aulizwe kibali cha ukarabati huo wa saruji kiko wapi.

Lililo gumu zaidi ni mwuzaji. Majumba mengi ya aina hii yamepita katika mirathi mara kadhaa, na anayejiita mwenye nyumba huenda ni mmoja tu wa warithi, wengine wakiwa Maskati au Dubai. Dai uthibitisho wa mirathi kutoka mahakamani na sahihi za warithi wote, kisha wakili uliyemchagua wewe, si wa dalali, afanye upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi na kuhakikisha kwamba nyumba si ya wakfu, yaani haikuwekwa daima kwa ajili ya dini, hisani au ukoo, kwa kuwa ya wakfu haiuzwi. Amana, wakati wake ukifika, ipitie kwenye akaunti ya wakili huyo, wala si kwenye simu ya dalali.