Shangazi, kila ofisi inanirudisha ofisi nyingine

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nna miezi mitatu huku ughaibuni, nimekuja kusoma, na kwa kweli nshachoka. Nilienda benki kufungua akaunti wakasema lete bili ya umeme yenye jina lako na anwani, sawa, nikaenda kwa mwenye nyumba tuandikishane mkataba, naye akasema hasaini mpaka kodi ipitie kwenye akaunti ya benki ya hapa hapa, nikasema basi ngoja nianze na simu, kampuni ya simu nayo ikataka akaunti ya benki ndo inipe laini ya kulipia kwa mwezi. Yaani nazunguka tu. Jana nimetoka dirishani nikakaa kituo cha basi nikalia, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumbani mambo haya nilikuwa nayamaliza asubuhi moja. Hivi ni mimi ndo sijui kujieleza au?
*Mwanafunzi aliyechoka*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Si wewe, kujieleza kwako hakuna shida yoyote. Kila ofisi hapo inadhani mteja keshamalizana na ofisi zingine, na kwa mtu aliyezaliwa hapo ni kweli, karatasi hizo amezipata moja moja tangu utotoni hata hakumbuki lini, wewe unatakiwa uwe nazo zote wiki moja. Ndo maana unalia kituoni, na yeyote angelia.

Sasa sikia. Benki haihitaji bili yenyewe, inachotakiwa kujua ni vitu viwili, wewe ni nani na unapatikana wapi. Masharti haya yamekaza hasa tangu 1989 lilipoundwa kundi la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, FATF, na benki inayofungua akaunti bila kumjua mteja inaweza kupigwa faini kubwa. Bili ni njia moja tu ya kuonyesha unapokaa, ila karani anataja ile iliyozoeleka halafu anaita namba inayofuata.

Mimi nilirudishwa na faili lile lile mara tatu, bili ilikuwa na jina la mwenzangu tuliyepanga naye, na mara mbili za kwanza nilisema asante nikaondoka kwa adabu zote. Mara ya tatu sijui nilipata wapi nguvu, nikamuuliza yule dada, "kama sina bili, mnapokea nini badala yake?" Akafungua droo akatoa karatasi yenye orodha ndefu, na barua ya chuo ilikuwa humo! Wiki nzima nilizunguka na barua hiyo kwenye mkoba. Kwa hiyo swali hilo libebe kila unapokwenda, na ukijibiwa omba wakuandikie, maana karani wa kesho atakuwa mwingine.

Mzunguko wako mimi ningeuanzia kwenye simu. Achana kwanza na laini ya kulipia kwa mwezi, chukua ile ya kuweka vocha, nchi nyingi inatosha pasipoti tu, na utaihitaji kwa sababu benki itakutumia namba za siri kwa meseji. Halafu nenda ofisi ya wanafunzi chuoni, waombe barua yenye jina lako, anwani unayokaa na muhuri. Hiyo ndo uipeleke benki. Mwenye nyumba naye mwombe mwandikiane kwamba kodi ya kwanza utalipa akaunti ikifunguka, na kama anataka taslimu usitoe hata senti bila risiti.

Na kama uko nchi ya Umoja wa Ulaya nenda ukiwa umejiamini, kuna sheria yao ya 2014 inayompa kila anayeishi humo kihalali haki ya kufungua akaunti ya msingi, yaani ile ya kuweka, kutoa na kulipia tu, hata asiye na anwani ya kudumu, na benki ikishapokea maombi yaliyokamilika ina siku 10 za kazi kufungua au kukataa. Usiombe "akaunti" tu, taja kabisa akaunti ya msingi, wengine hawatakwambia kama ipo.

SWALI: Habari Shangazi. Jina langu la tatu linanitesa. Pasipoti ina majina matatu, kadi ya kazi mawili, benki wamechukua la kwanza na la katikati, sasa mzigo wangu umekataliwa posta eti mimi sio mimi. Tena nina miadi niliyoikosa kwa sababu waliandika 04/07 nikaenda tarehe nne mwezi wa saba, kumbe ilikuwa ya Aprili!
*Majina matatu*

JIBU: Nzuri mwanangu. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, angalia chini kabisa, kuna mistari miwili ya herufi na vialama kama mishale, kila mstari una nafasi 44. Mstari wa juu, baada ya herufi tatu za nchi, linaanza jina la ukoo, halafu mishale miwili, halafu majina mengine. Mashine inasoma hivyo, basi na wewe jiandike hivyo hivyo kila fomu, hata kama nyumbani hakuna anayekuita kwa jina hilo. Wenye ng' kwenye jina mtaona kile kialama cha juu kimeondolewa, msikirudishe kwenye tiketi wala fomu za kompyuta. Benki na kazini nenda na pasipoti urekebishe sasa hivi kabla hujaongeza kadi nyingine, maana kila kadi mpya inanakili kosa la iliyotangulia na baadaye kulifuta ni kazi ya miezi.

Tarehe, Marekani wanatanguliza mwezi, sehemu nyingi za dunia siku. Ukipewa miadi rudia mdomoni mwezi kwa jina lake mbele ya karani. Nimeumia kusikia uliikosa, piga simu ueleze ilivyokuwa, mara nyingi wanakupangia nyingine.

SWALI: Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, lugha ya huku bado inanipiga chenga. Mwanangu wa miaka 9 ameishika vizuri, ndo ananisemea dukani, benki, kote. Juzi kwa daktari nikaulizwa mambo ya uzazi, mtoto akanyamaza akaangalia chini, na mimi nikasema tu sina shida yoyote tukaondoka. Shida ninayo.
*Mama wawili*

JIBU: Mdogo wangu, hili limenikaa moyoni tangu niliposoma barua yako. Rudi kwa daktari wiki hii, na usiende na mtoto. Mtoto akikalimani hospitali anabeba vitu viwili vizito, siri ya mwili wa mama yake na hofu ya kukosea dawa, tena kuna maneno hajayajua hata kwa Kiswahili. Marekani kanuni za afya zinakataza hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, labda iwe dharura na hakuna mwingine. Australia kuna huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, TIS National, saa 24. Nchi uliyopo hukuitaja ila uliza, na uliza siku unayopanga miadi, sio ukishafika, maana mkalimani wa Kiswahili hapatikani kila dakika, mara nyingi ni kwa simu tu na hiyo inatosha.

Sentensi moja ikariri kwa lugha ya hapo: naomba mkalimani wa Kiswahili. Iandike na kwenye kikaratasi uweke kwenye pochi, siku sauti ikikukauka utakionyesha. Na kile ulichotaka kumwambia daktari kiandike nyumbani kwa Kiswahili, umetulia, kilianza lini, kinauma wapi, dawa gani unameza, ili mkalimani akisoma kisibaki kitu.

Dukani aendelee kukusaidia, watoto wanapenda kuwa na kazi. Ila ya hospitali mwambie leo kabla hajalala kwamba siku ile hakukosea kunyamaza, na kwa daktari sasa utakwenda na mtu mzima.