Ufanisi wa asilimia 86: kosa liko kwenye kigawanyo

Ndugu, umeeleza kwamba bawa lako la kuvuna nguvu ya mkondo, lenye umbo la NACA 0015 (umbo sanifu lenye pande mbili sawa na unene wa asilimia 15 ya upana wake), linalopanda na kushuka huku likiinamisha pua hadi nyuzi 76.33 kwa namba ya Reynolds (uwiano wa msukumo wa mtiririko na mnato wake) ya 1100, linatoa ufanisi wa asilimia 86, nawe unashuku programu yako ya kuiga mtiririko. Una haki ya kushtuka, kwa kuwa kikomo cha Betz, yaani sehemu kubwa kabisa ya nguvu ya mkondo inayoweza kuvunwa, ni asilimia 59.3 tu, lakini programu usiiguse. Umegawa nguvu kwa ile ya mkondo unaopita katika upana wa bawa tu (kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma), ilhali mkondo unaostahili kuhesabiwa ni wote unaopita katika eneo linalofagiliwa, ambalo ni takriban mara 2.55 ya upana huo, kwa sababu ukingo wa nyuma hufika mbali kuliko mhimili ambao bawa huinamia. Gawa 0.86 kwa 2.55, utapata karibu asilimia 34, sawa na matokeo ya 2008 ya watafiti Kinsey na Dumas kwa bawa la aina hii.

Tupa mizunguko ya mwanzo kabla ya kutafuta wastani. Zaidi ya yote, tazama kwa makini mwisho wa kila mpigo: kizingia, yaani kimbunga kidogo cha mtiririko, kinachozaliwa ukingo wa mbele hupita juu ya bawa na kulisaidia kugeuka, na hatua za muda za programu zikiwa kubwa, kitafifia kabla ya kufanya kazi hiyo.