Maswali ya Magari: Gari Likizama Topeni, Mkanda Ufungwe Wapi?

SWALI: Mhariri, nina Prado iliyotoka Japani. Chini ya bampa la mbele kuna pete mbili nyembamba za chuma. Zinatosha kulivutia likikwama kwenye udongo wa mfinyanzi? Fundi wangu anataka kunichomelea ndoano kwenye chesisi.
Msomaji, Karatu

JIBU: Hazitoshi, ndugu msomaji, na tafadhali usizijaribu. Pete za aina hiyo ni za kulifungia gari lisisogee melini au juu ya lori. Kulinasua gari ni kazi nyingine kabisa. Prado yenye abiria na mizigo hukaribia tani 3, na ikizama hadi ekseli, nguvu ya kuitoa hufikia uzito wake wote au hata kuuzidi, kwa kuwa tope hung'ang'ania tairi na tumbo la gari. Ukitumia mkanda wa nailoni unaonyumbuka, gari la kuvuta huja na mwendo, na mshtuko huo huongeza mzigo zaidi. Pete ikikatika hapo, hurushwa na mkanda moja kwa moja kuelekea kwenye kioo cha mwenzako.

Kuchomelea hatukushauri. Chesisi ni bati lililokunjwa, nene milimita chache tu. Moto huidhoofisha, na ufa huanzia kando ya mshono usikoonekana. Tafuta ndoano au sahani ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, yenye kiwango cha mzigo kilichogongwa juu yake, inayofungwa kwenye matundu ya kiwandani kwa bolti mbili au zaidi.

Bolti ndizo watu wanazozipuuza. Soma namba ya uimara iliyo kichwani mwake. Ya milimita 12 yenye 10.9 huhimili takriban tani 5 kabla ya kukatwa kwa upande, ya 8.8, takriban 4, ya 4.6, kama 2 tu. Isiyo na namba usiifunge. Kila baada ya kuvutwa, chungulia: tundu limekuwa refu? Rangi imepasuka kuzunguka bolti? Ibadilishe.

Tumia ndoano zote mbili za mbele, ziunganishwe kwa mkanda mfupi ili mzigo ugawanyike. Pembe kati ya miguu ya mkanda huo ikiwa nyuzi 60, kila upande hubeba asilimia 58 ya mvuto. Ikifika 120, kila upande hubeba mvuto wote, na faida yako imekwisha. Kwa hiyo mkanda huo usiwe mfupi mno.

SWALI: Nyuma nina kile kichwa cha duara cha trela. Naweza kufunga hapo?
Dereva, Narok

JIBU: Kamwe! Shingo yake haikuundwa kwa mshtuko, na ikivunjika, lile donge la chuma hupaa kama risasi. Australia watu wamekufa kwa njia hiyo. Kichomoe, kisha kwenye tundu la mraba kilimokuwa kimechomekwa ingiza kipande kizito cha chuma chenye tundu la shakeli, yaani pingu ya chuma yenye umbo la U inayofungwa kwa pini. Shakeli iwe na maandishi ya tani 4.75, unene wake huwa milimita 19. Kaza pini hadi mwisho, kisha irudishe robo mzunguko isije ikagoma kufunguka.

Kabla ya kuvuta, chimbua tope mbele ya tairi zote na upunguze upepo. Tandika blanketi zito katikati ya mkanda. Kwa mkanda wa mita 9, watu wakae mita 14 pembeni, wala asiwepo yeyote kwenye mstari wa mvuto.

SWALI: Mikanda miwili mifupi, niiunganishe kwa shakeli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Usiiunganishe hivyo, maana mkanda mmoja ukikatika, shakeli hurushwa. Pitisha kitanzi cha mmoja ndani ya kitanzi cha mwingine, na katikati ya fundo weka gazeti lililokunjwa ili lisijikaze hadi likashindwa kufunguka.