Niliambiwa nina upele

Mmeuliza wiki hii: "Jua likikuunguza na ngozi ikaanza kuwasha, unaipoza kwa dawa gani?" Nilicheka kidogo, kisha shingo ikaanza kunikumbusha. Kwetu Goma kuna swali linalotangulia hilo lenu: mtu mweusi akisema ameunguzwa na jua, nani atamwamini?

Ni kweli rangi yetu inatulinda. Nimesoma kwamba ngozi nyeusi hupunguza miale inayounguza kwa takriban mara 13, ile nyeupe mara 3 na ushee. Lakini kulindwa si kutoungua. Isitoshe sisi tunaishi mita 1,500 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza miale hiyo kwa asilimia 10 hivi. Upepo wa ziwa Kivu unakupoza, kwa hiyo husikii kitu. (Jirani yangu mwenye ualbino huvaa kofia pana tangu saa mbili asubuhi. Barua hii angeiandika vizuri kuliko mimi.)

Mwaka 2017, mwezi wa saba, tulivuka kwenda kisiwa cha Idjwi kupeleka mahari ya mdogo wangu. Tulikuwa watu 11. Msemaji nilikuwa mimi, kwa sababu baba alikuwa mgonjwa na kwa sababu, nasikia, najua kusema. Wiki hiyo nilikuwa na kifua. Farmasi moja ya jirani ilinipa doksi (doksisiklini), kidonge asubuhi na kidonge jioni. Ilinipa na karatasi ya kufungia. Neno haikunipa.

Mota ya boti ilizimika katikati ya ziwa, saa nne asubuhi. Kijana wa mota akafungua, akafunga, akafungua tena. Paa hakuna. Akina mama wakajitanda vikwembe. Wanaume tukakaa kiume. Mimi nilikuwa nimevua koti lisikunjike, na mikono ya shati nimeipandisha. Kulikuwa na mawingu membamba, hata shangazi akasema Mungu ametufungulia mwavuli. Mwavuli gani! Mawingu kama yale hupitisha sehemu kubwa ya miale. Saa tisa, tulipovutwa na boti lililokuwa likirudi tupu kutoka kuuza mananasi, nilikuwa nimeiva paji la uso, shingo na mikono yote, ila mstari pale ilipokuwa saa.

Usiku ule lilikuwa joto tu. Muwasho ulingoja siku ya mahari yenyewe. Waliowahi kuupata watanielewa, si muwasho wa mbu. Ni siafu wanaotembea chini ya ngozi, na ukikuna wanaitana.

Nikasimama mbele ya wazee wa Kihavu, kabila la ukweni. Nimefika kwenye ng'ombe wa pili, mahali ambapo msemaji hakohoi wala hapepesi macho, mkono wa kushoto ukaenda shingoni wenyewe. Nikaurudisha. Ukaenda wa kulia. Mzee mmoja wa upande wao akamwinamia mwenzake, kisha akauliza kwa upole, mbele ya watu wote, kama kwetu upele ni wa ukoo mzima au ni wa msemaji peke yake.

Nikamjibu, "Muzee, ni jua."

"Jua? Kwani wewe ni muzungu?"

Walicheka mpaka kasiksi, pombe ya ndizi, ikamwagika. Ndugu zangu nao walicheka. Mdogo wangu peke yake hakucheka; alikuwa anaona ng'ombe wakiongezeka.

Koko, yaani nyanya yake bibi harusi, kikongwe aliyenifikia kiunoni, naye hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Hakuuliza kama ni jua au upele. Aliweka mgongo wa kiganja chake shingoni kwangu akasema neno kwa Kihavu, mjukuu akanitafsiria: "Huyu bado anaungua." Akachovya kikwembe kikuukuu katika maji ya mtungi, akanifunika. Kila kikipata joto anachovya tena, labda dakika 20. Kisha akapasua jani la mshubiri akanipaka ute wake ngozi ikiwa ingali na unyevu. Akanionyesha kupigapiga kwa kiganja badala ya kukuna. Maji ya kunywa, vikombe vitatu. Kasiksi akaninyima.

Halafu akaleta siagi ya ng'ombe. Hapo nilikataa, nikaona nimekosa adabu, nikamwachia mkono mmoja. Mkono huo ulilala kama uko jikoni. Mafuta mazito kwenye ngozi iliyoungua karibuni hufungia joto ndani, yawe siagi, mawese au vaselini.

Niliporudi Goma, daktari aliniuliza swali moja: unakunywa dawa gani? Kumbe doksisiklini huifanya ngozi iungue kwa jua ambalo siku nyingine ungelipita tu. Akanibadilishia, akanipa kidonge cha muwasho cha usiku na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 ya siku chache. Alama nyeusi pale nilipokuna zilikaa hadi Krismasi.

Nilikalia kiti hiki nikitaka kuwaambia: achaneni na dawa za vikongwe, nendeni farmasi. Nimefika hapa naona farmasi ndiyo iliyoanza kuniunguza, na kikongwe ndiye aliyeniamini. Basi jibu langu, na nalitoa shingo upande kwa maana zote mbili: maji ya baridi kwanza, si barafu, kisha mshubiri, na koko awe karibu kama unaye. Siagi abaki nayo. Lakini pakitoka malengelenge mengi, au homa, au kizunguzungu, au aliyeungua ni mtoto mchanga, msimsubiri koko wala mimi, nendeni kituo cha afya. Malengelenge msiyapasue. Na mtoto msimpe aspirini. Farmasi nayo nendeni, ila mkipewa kidonge ulizeni kinapatana vipi na jua, hata wakiwacheka.

Ng'ombe waliongezeka wawili. Mdogo wangu anasema ni kwa ajili ya upele wangu. Mimi nasema msemaji mwingine angeongezewa watatu.

Msemaji mstaafu, Majengo, Goma